Rangi ya Waridi Iliyogoma Kuondoka

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Mwalimu wa Kemia wa Kidato cha Sita kahamia Geita. Nafasi iko wazi! Tunaoitaka ni wawili: mimi Yeremia na Madamu Dorcas. Miaka tisa nimefundisha Kidato cha Pili. Imetosha.

Leo nimeshika kipindi chao kwa muda. Mada: hatua inayoamua kasi ya mmenyuko. Nimefundisha hadi nikajionea wivu. Nimewaeleza kwamba mmenyuko hupita hatua kadhaa, na ile ya polepole kuliko zote ndiyo inayozichelewesha nyingine. Nikawapa mfano wa dagaa. Ongeza mitumbwi, ongeza wachuuzi, dagaa wakavu hawatafika sokoni mapema, kwa sababu wanaosubiriwa wako juani bado. Katika mmenyuko wetu, klorini inajing'oa yenyewe kutoka kwenye kaboni, taratibu. Hapo ndipo penye foleni. Alkali inasubiri pembeni tu, na ukiiongeza hupati kitu. Kijana mmoja wa mbele, Luhaga, kaandika kila neno.

Jumanne, 23 Septemba

Mkuu wa shule, Mwalimu Shigela, ni mtu wa Jiografia na anapenda mambo yanayoonekana. Kasema Ijumaa mimi na Dorcas tufanye jaribio lilelile mbele ya wanafunzi. Mchanganyiko una rangi ya waridi, na rangi inakaa maadamu alkali ipo. Mmenyuko unatoa asidi, asidi inaimaliza alkali, rangi inaondoka. Kila mmoja anaruhusiwa kuongeza kitu kimoja tu ili iondoke haraka. Mshindi anachukua darasa.

Dorcas kaja kuazima daftari langu la jana. Nimempa huku nacheka moyoni. Asome tu! Nadharia ni ya mtihani. Mimi nina mbinu.

Jumatano, 24 Septemba

Mbinu yenyewe: alkali, tena nyingi. Najua nilichofundisha. Lakini njia nzima hadi Mkuyuni nimejiuliza: mtu akisukumwa na watu wengi kwa nyuma, kweli hatatembea haraka? Swali zuri sana hili. Sijui kwa nini vitabu havijaliuliza.

Nimeingia duka la Mama Shamsha, anayewauzia watengeneza sabuni kostiki, ile alkali kali. Nimemwamkia, kaitikia marahaba, kisha kaniuliza kama ualimu umenishinda nimehamia kwenye sabuni. Nimemwambia ni sayansi. Kasema sawa, ila nisishike kwa mikono mitupu.

Alhamisi, 25 Septemba

Mwanasayansi hupima kwanza. Mama mwenye nyumba wangu, Mama Kija, huanika dagaa juu ya miamba huku kwetu Ilemela. Nimemwomba niwageuze kila dakika tano, nione kama juhudi inaongeza kasi. Kakubali, shingo upande. Hadi saa kumi dagaa wale wabichi vilevile, nusu wamevunjika vichwa, na korongo mmoja kajihudumia. Mama Kija kasema jua haliongezwi kwa mikono. Kisha kauliza si mimi niliyewafundisha watoto mfano huohuo, na kumalizia kwamba mganga hajigangi.

Matokeo yangu: mikono miwili ilikuwa michache.

Ijumaa, 26 Septemba

Jamani.

Dorcas kaongeza maradufu kile kimiminika chenye klorini. Rangi yake imeondoka kabla Mkuu hajamaliza kusafisha miwani. Mimi nimemimina alkali yangu kwa mbwembwe. Waridi. Dakika tano, waridi. Mkuu kaenda kunywa chai, karudi, waridi!

Luhaga kanyoosha mkono. Kwa heshima zote kauliza, Mwalimu Yeremia si alisema Jumatatu kwamba alkali haimo katika hatua ya polepole, na tena ndiyo inayoshikilia rangi, sasa mbona ameiongeza? Nimekohoa. Mkuu kamwuliza Dorcas amejuaje la kufanya. Dorcas kasema ameyatoa yote kwenye daftari langu, akanishukuru mbele ya darasa zima. Hakuwa ananisimanga, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Kidato cha Sita amepewa yeye. Nimeumia sana. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Jumamosi, 27 Septemba

Daftari limerudi. Dorcas kaandika kwa wino mwekundu kwamba hajawahi kusoma maelezo mazuri kama haya kuhusu hatua ya polepole, na kwamba aliyaamini neno kwa neno. Nimeyasoma upya, mara mbili. Kweli ni mazuri. Aliyeyaandika ana akili.

Nimekaa juu ya mwamba na chai yangu, nikalitafakari jaribio lile hatua kwa hatua, hadi nikaiona iliyonichelewesha. Kostiki ilikuwa kidogo. Jumatatu nitamwomba Mkuu marudio. Nimeshampigia Mama Shamsha aniwekee kilo mbili.