Mteremko Wangu Kupewa Ishirini na Tatu kwa Mia

Kwa Bwana Mkuu,
Ofisi ya Tathmini ya Mandhari,
Ghorofa ya pili, mlango uliong'oka kitasa.

Mheshimiwa mwanangu,

Salamu kwanza, maana sikulelewa kumvamia mtu kwa maneno kabla ya kumjulia hali. Hujambo? Mama yako hajambo? Kama yu hai mfikishie salamu zangu, na umwambie simlaumu kwa lolote. Alikuzaa bila ofisi; ofisi umeipata mwenyewe ukubwani.

Mimi ni yule bibi wa mteremko wa mashariki, nyumba ya bati yenye mlango wa kijani, niliyekuja kwako Jumanne iliyopita nikaambiwa na mlinzi kwamba malalamiko yanapokelewa kwa maandishi tu. Shule sikuingia hata kwa kupita uani. Kwa hiyo mimi nasema, na mkwe wangu, mjane wa mwanangu, ambaye ni mshonaji, anaandika. Ameniomba nipunguze ukali. Nimepunguza. Huu utakaousoma ndio uliobaki.

Shauri lenyewe ni hili. Mwezi wa tatu walikuja wataalamu wako wawili: kijana mmoja mwenye miwani, ambaye sisi tulimwita Miwani, na binti mmoja mwenye kishikwambi ambacho hakukiweka chini hata alipokuwa ananawa mikono. Wageni wenye maswali si kitu kipya kwetu. Mwaka juzi walikuja wengine, wale wa mbuzi, na wale angalau waliondoka wameacha kitu. Hawa walisema wamekuja kupima kama mandhari yetu ni endelevu. Nikauliza, endelevu ndiyo nini? Miwani akanijibu kwa adabu, "Bibi, ni kujua kama ardhi hii itaendelea kuwafaa wajukuu zako." Nikafurahi. Nikamwambia, baba, hilo ndilo ninalolilima kila siku, karibu ukae.

Walikuwa na viashiria arobaini na viwili. Kila kiashiria kina alama zake. Alama zinamwagwa ndani ya kishikwambi, kishikwambi kinatafakari, kisha kinatoa hukumu. Sisi wa nyumba kumi na moja za mteremko huu tuliacha kazi zetu siku mbili nzima tukajibu kila tulichoulizwa.

Hukumu ilifika wiki mbili zilizopita ndani ya bahasha. Ishirini na tatu kwa mia. Na nyuma ya hukumu kuna agizo: mteremko upumzishwe miaka minane, uzungushiwe waya, jembe lisiguse, mtu asipande, mpaka ardhi ipate nafuu. Mafundi wa waya wanaanza tarehe mosi. Mwanangu, wajukuu zangu watatu wanakula kutoka mteremko ule. Cherehani ya mama yao inawavika, haiwashibishi. Na mimi miaka minane ya kupumzika sina. Nikijikaza sana nina mitano, na yote mitano nimeshaipangia kazi.

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kuhusu miti. Mkwe wangu amenisomea mara tatu ili nisimsingizie mtu: "Miti ya kuzuia mmomonyoko: hakuna." Hakuna! Miti thelathini na saba niliyoipanda na marehemu mume wangu mwaka tuliooana, na kila mmoja naujua kwa tabia yake. Ule wa kona una kiburi, hauangushi hata jani upande wa jirani. Miwani aliegemea mmojawapo wakati anaandika kwamba haupo. Sisemi kijana ni kipofu. Kipofu angepapasa.

2. Kuhusu nyuki. Imeandikwa: "Wachavushaji: hawakuonekana." Nina mizinga sita nyuma ya jiko. Binti wa kishikwambi aliumwa shingoni mchana kweupe, akaruka, akapiga ukelele uliomwamsha seremala jirani yangu, mtu ambaye akilala hata msumeno wake mwenyewe haumwamshi. Mimi ndiye niliyemtoa mwiba kwa kucha zangu hizi na kumbembeleza. Alipomaliza kulia akashika kishikwambi, akaandika hawakuonekana. Pengine ni kweli hakuwaona. Shingo haina macho.

3. Kuhusu chemchemi. "Imekauka." Neno moja. Amelisema mtu aliyesimama hatua ishirini kutoka kwenye maji, viatu vimelowa.

4. Kuhusu udongo. Hapa naomba uvumilie, maana hapa ndipo roho inaponiuma. Walichota udongo wakautia kwenye mfuko mdogo, wakauita sampuli. Unajua waliuchota wapi? Njiani. Kwenye kinjia ambacho watu wamekikanyaga miaka arobaini, wazima, walevi na wafiwa. Ni sawa na kutaka kujua upishi wangu kisha ulambe kizingiti.

Njia si shamba. Shamba lina matuta kumi na manne, yamekata mteremko kwa upana, kutoka juu hadi chini, ili maji ya mvua yasikimbie na udongo wetu. Tuliyachimba mimi na mume wangu, yeye akianzia juu, mimi chini, tukigombana njia nzima. Kila tuta lina ugomvi wake. La tatu ni la mama yake kuja kukaa bila taarifa. La tisa ni la yeye kuuza redio. La kumi na mbili halina ugomvi, tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa pili wiki ile, tukachimba kimya. Sasa niambie, mwanangu, ndani ya vile viashiria arobaini na viwili, hilo la kumi na mbili linaingia namba ngapi?

5. Kuhusu jirani zetu wa ng'ambo. Upande wa pili wa bonde kuna uwanja wa majani mafupi ambapo wanaume wazima hukipiga kijipira kwa fimbo, kisha wakakifuata kwa kigari ili wakipige tena. Uwanja ule umepewa themanini na nane. Themanini na nane! Mdudu akijitokeza pale hupuliziwa dawa, ndege akitua hufukuzwa, na majani yake yananywa maji kuliko nyumba zetu zote kumi na moja. Nikamuuliza kibarua wa pale, wametushindia wapi? Nikaambiwa wana sera ya mazingira, imewekwa kwenye fremu ukutani. Nikaambiwa pia kwamba meneja wao alijibu "tunayo" kwa kila swali, hata kabla swali halijaisha. Kama ni fremu, mimi ninayo moja yenye picha ya harusi yangu. Nitamtoa mume wangu, niweke sera. Atanielewa.

6. Kuhusu ofisi yako. Kwa kuwa kipimo chenu ni cha haki na kinapima kila kitu, Jumanne ile nilikipima nacho chumba chako cha kungojea. Muda nilikuwa nao. Nilikaa benchini tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba. Maji: bomba la koridoni linavuja, ndoo chini yake imefurika, na aliyepita ameiruka. Nimehesabu warukaji kumi na tisa. Mimea: ua moja la plastiki, nalo limenyauka. Sijui mlifanyaje, lakini hongereni. Nishati: mapazia yamefungwa, taa zinawaka, nje jua linatoboa utosi. Miti: ipo, mmeigeuza mafaili. Ushirikishwaji wa jamii: jamii ilikuwa mimi, na nilishirikishwa benchi. Nimejumlisha kwa uaminifu ofisi yako ikapata tisa kwa mia, na zote tisa ni za yule mama wa chai aliyeniletea kikombe bila kuombwa.

7. Kuhusu Miwani mwenyewe. Huyu naye nimempima, kwa sababu mtu anayepima uendelevu lazima naye aendelee. Alikuja hajala, nikamwona kwa mashavu. Shati lile lile siku mbili. Simu ikilia anasema "nakuja, nakuja," na haendi. Nani anayemngoja sijui, lakini namhurumia. Mabega yamemshuka kama mzee wa themanini. Nimempa kumi na sita, na hapo nimemwongezea mbili kwa sababu aliniamkia vizuri.

Basi, Mheshimiwa, sheria ni msumeno, na uliounoa ni wewe. Wa ishirini na tatu anapumzishwa miaka minane. Wa tisa je? Naomba kwa heshima zote waya uliokatwa kwa ajili ya mteremko wangu uje uzungushwe kwenye ofisi yako, mhuri usiguse, kalamu isiguse, mpaka chumba kipate nafuu. Ufunguo wa geti nikabidhiwe mimi. Wewe na wasaidizi wako msikae bure kipindi hicho. Ninayo majembe manne, moja mpini wake mfupi, hilo nitakupa wewe, maana mtu wa kitini lazima afundishwe kuinama. Tuta la saba limebomoka kidogo pembeni. Tutaanzia hapo. Miwani asichimbe mwezi wa kwanza. Huyo aletwe kwangu ale mayai, alale mapema, na huyo anayemngoja kwenye simu aitwe, tumwone.

Nikikosa majibu kabla ya tarehe mosi nitakuja tena mwenyewe, na safari hii nitakuja na mto wa kukalia. Benchi lako halijapimwa, lakini mimi nimelipima.

Nisalimie wote hapo ofisini: mama wa chai, mwambie kikombe chake kimeniweka hai, mlinzi, ingawa alinifukuza, mwambie soksi zake zimetoboka na mkwe wangu anatia viraka, yule binti wa kishikwambi, muulize shingo imepona? Na hao wote walioruka ndoo, wasalimie pia, nawapenda hivyo hivyo walivyo wavivu.

Mimi mama yenu mwenye hasira na afya njema, wa mteremko wa mashariki, nimeweka dole gumba hapa chini. Doa la pembeni ni mafuta ya cherehani.

Nyongeza:

Mkwe wangu amekataa kufunga bahasha mpaka niseme na hili. Amezima cherehani, amekunja mikono, ananitazama. Basi nasema.

Wale wageni wa mbuzi, mwaka juzi, waliuliza maswali yale yale. Mimi nilijibu ukweli: miti ninayo, maji ninayo, nyuki ninao. Nikapewa mkono wa pongezi. Seremala jirani yangu, aliyekuwa amewaficha ng'ombe wake wawili kwa shemeji yake, alisema hana kitu na machozi yakamtoka. Akapewa mbuzi watatu, mmoja mwenye mimba. Mbuzi wale wanapita mlangoni kwangu kila asubuhi, wananiangalia.

Kwa hiyo niliposikia gari la Miwani linapanda, nilizipitia nyumba zote kumi na moja kwa miguu yangu hii mibovu. Nikawaambia, jamani, safari hii hakuna mwenye kitu. Miti? Si yetu, ni ya watu wa mbali, tena ina ugonjwa, tunaikata kesho. Chemchemi niliifunika kwa matawi mwenyewe, na Miwani aliposema anasikia maji, nikamwambia hiyo ni cherehani ya mkwe wangu. Binti alipoumwa nilimbembeleza, kweli, na wakati nambembeleza nilimwambia huyo ni nyuki mpita njia, sisi hatuna wetu. Walipoomba udongo wa shambani, niliyewaonyesha kinjia kwa kidole ni mimi. Nikasema ndilo shamba lenyewe. Miwani aliniuliza mara mbili, "Una uhakika, bibi?" Nikaapa. Na kweli aliandika alichoambiwa na mtu mzima aliyemkaribisha vizuri.

Nilingoja mbuzi. Umekuja waya.

Kwa hiyo waya ule ukifungwa, mwanangu, nitakuwa nimeufunga mimi kwa mdomo wangu, tuta la kumi na mbili likiwa ndani na wajukuu zangu wakiwa nje. Nakuomba, na hapa sifanyi mzaha, warudishe wale watoto wawili kabla ya tarehe mosi. Matawi nimeshayatoa. Nitawashika mkono niwapitishe mti kwa mti, mzinga kwa mzinga, tuta kwa tuta, wachote udongo wanakotaka, na mayai yatakuwa yamechemshwa.

Ila nitumie habari mapema kidogo, nipate kuwapitia tena jirani zangu wa nyumba kumi na moja: safari hii anayepewa ni mwenye nacho, au asiye nacho?