Babu wa Ardhi na Makopo Mawili ya Oili

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Babu wa Ardhi amelichagua gari langu! Jumatatu ni sikukuu ya kuzaliwa kwake, na mimi, Tsai Kim-lai, muuza karanga, ndiye nitakayeibeba sanamu ya mungu wetu kuzunguka mji mzima. Nilirusha vibao viwili vya hekalu mbele ya watu wote. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Hiyo ni ndiyo. Mara tatu mfululizo! Shemeji Hok-sing, kaka wa mke wangu, akarusha kuliombea gari lake jipya. Vyote viwili chali. Maana yake Babu anacheka. Na mimi nilicheka, ila kimoyomoyo.

Jioni nikampitia Fundi Liong. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akanitazama mimi. Ncha tu ndiyo iliyolowa, nyeusi tii. Akasema niweke oili leo hii. Nikamwuliza, ya kawaida au sintetiki? Akajibu yoyote, mradi niweke. Jibu gani hilo? Fundi mvivu.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji kaja kunywa chai bila kualikwa. Akatangaza kwamba gari la kumbeba mungu ni sintetiki tu, ile ya kawaida ni ya matrekta. Basi nimekwama! Nikiweka sintetiki, mji mzima utaambiwa Hok-sing ndiye aliyenishauri. Nikiweka ya kawaida na gari likakohoa, atanicheka mpaka mwaka mpya. Mke wangu Siok-bi akapiga kelele kutoka jikoni: "Baba Hui, weka hata mafuta ya kukaangia, lakini weka!" Haelewi kwamba suala si injini. Suala ni heshima.

Nimenunua makopo mawili, moja la kila aina. Yako sebuleni. Hakuna hata moja lililofunguliwa.

Jumamosi, 9 Machi

Kwa nini sikuliwaza mapema? Aamue mwenyewe atakayepanda!

Nimekwenda hekaluni. Makopo nikayapanga juu ya meza ya sadaka, pamoja na machungwa na kashata za karanga. Nikapiga magoti, nikauliza: Babu, ya kawaida au sintetiki? Nikarusha. Anacheka. Nikarusha tena. Anacheka! Shangazi Gim, mtunza hekalu, akashindwa kuvumilia. "We mtoto, Babu hujibu ndiyo au hapana. Unamwuliza kama mhudumu wa hoteli, chai au kahawa!"

Haya. Sintetiki? Vyote kifudifudi: hapana. Ya kawaida? Hapana. Nikatoka nje kutafuna tambuu na kutafakari.

Niliporudi, makopo hayapo! Shangazi, ambaye miwani yake ilikuwa nyumbani, amedhani nimeleta mafuta ya taa za Babu, kama watu wanavyofanya kila mwaka. Ameyafungia stoo na kubandika ukutani karatasi nyekundu ya watoa sadaka: Bwana Tsai Kim-lai, makopo mawili. Nilifungua mdomo nidai makopo yangu. Akaingia Shemeji. Akaisoma karatasi. Uso ukamshuka. Nikafunga mdomo. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Jumapili, 10 Machi

Nimeelewa! Sintetiki, hapana. Kawaida, hapana. Halafu makopo yote mawili akayachukua mwenyewe. Babu anasema nisiweke chochote! Injini ataiangalia yeye.

Fundi Liong amepiga simu kuuliza kama nimeweka. Nikamweleza. Akakata simu bila kuaga. Wivu tu. Nimeshinda nikilisugua gari na kulifunga vitambaa vyekundu. Linang'aa kama siku lilipomleta Hui wetu kutoka hospitali, akiwa mchanga mikononi mwa mama yake. Machozi yalinilengalenga.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi, fahari tupu. Babu kiti cha nyuma, mkanda umefungwa. Ngoma, fataki, moshi. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Nyekundu, rangi ya heri! Nikaanza kusikia kugonga. Nikasema, wapiga ngoma leo wamejitahidi. Moshi ukapanda kutoka kwenye boneti. Mabibi waliosimama kando ya barabara wakaudhani ubani, wakakunja mikono na kuinama.

Mbele ya nyumba ya Shemeji, gari likapiga kishindo likazima. Mbele ya nyumba ya Shemeji! Injini imenoki. Hok-sing akatoka na kandambili, funguo mkononi. Shangazi Gim akarusha vibao kumwuliza Babu kama anakubali kuhama. Ndiyo, mara tatu, bila hata kusita. Shemeji akamfungulia Babu mlango wa gari lake jipya. Angalau angenitukana!

Nilibaki barabarani na gari langu. Fundi Liong akaja, akachungulia, akafunga boneti taratibu, kwa mikono miwili. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

Jumanne, 12 Machi

Injini haitengenezeki. Siok-bi hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Amenikabidhi skuta yake niuzie karanga, kwa sharti moja: niende kwa Liong sasa hivi, iwekwe oili.

Nimekwenda. Liong akaniuliza aweke ipi.

Nimerudi na skuta hivyo hivyo, bila oili. Jambo zito haliamuliwi gereji. Na kosa la Jumamosi nimeshalijua: machungwa yalikuwa machachu. Kesho nampelekea Babu mananasi.