Chokaa kwa Wageni wa Ramani

Jumatatu, 6 Oktoba 1997
Siku kubwa! Wataalamu wanatoka Dar es Salaam kuja kwetu Ugalla. Wanachora ramani ya Tanzania nzima: wapi udongo na miti vitaumia upesi moshi wa viwanda ukishuka na mvua, wapi vitavumilia. Penye udongo dhaifu patapakwa nyekundu na kufungwa chombo cha kupimia mvua. Mwenye eneo anakuwa msimamizi wake. Na kofia anapewa! Wataangalia sehemu mbili tu: msitu wangu wa mizinga ya nyuki na malisho ya jirani yangu Machibya. Machibya! Kwake ni mavi ya ng'ombe mwanzo mwisho. Kofia ni yangu mimi, Didace.

Jumanne, 7 Oktoba
Mgeni anapokelewa mahali safi. Nimekwangua ndevu zote za kijivu zinazoota kwenye magome ya miti. Nimepaka vigogo chokaa, kama wanavyofanya mjini mkubwa wa serikali akija ziara. Iliyobaki nimeimwaga chini. Msitu mweupe pee! Mke wangu Thacienne kauliza wageni wanakuja kupima udongo au kufunga ndoa. Nyuki wamehama wote. Nadhani wamewapisha wageni.

Alhamisi, 9 Oktoba
Wamekuja. Mkuu wao, mama Hana, alisimama muda mrefu akitazama miti yangu. Nilijaa fahari hadi kifua kikauma. Akachota udongo, akapima, akapima tena. Akasema hauna asidi hata chembe, unaweza kumeza moshi wa Dar yote. Kijani, rangi ya udongo imara! Kwa Machibya akashangilia ndevu za miti, eti zinapenda hewa safi na hufa kwanza moshi ukija. Nyekundu! Kofia kapewa Machibya. Inambana, angalau hilo. Roho imeniuma. Thacienne anasema mama Hana kamweleza wazi kwamba chokaa ndiyo iliyoua asidi. Nimemwambia chokaa haina kosa, niliipaka nyepesi mno.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimetangaza nje ya kanisa kwamba Machibya ana udongo dhaifu na taifa zima litajua. Wangu ni udongo shujaa! Watu walicheka kwa furaha.
Jioni imekuja habari: mama Hana ana chombo kimoja zaidi na anarudi Jumatano kupima kwangu upya, pale ambapo chokaa haikufika. Ameomba sana, mimi Baba Odeta nisiguse kitu.
Mimi ni mtu wa neno langu. Sigusi. Chokaa atapaka shemeji Egide, mara mbili, hadi kwenye mizizi.