Kitufe cha Babu Kileleni mwa Kanchenjunga

Jumatatu, 2 Septemba
Mwalimu Pem ametangaza shindano: mfano wa mlima Kanchenjunga pamoja na historia ya waliowahi kuupanda. Mshindi atamleta mzee wake akae mbele na wageni siku ya sherehe ya mlima. Babu lazima akae mbele! Aliupanda ujanani, kwa upande wa Nepal, na hakuna anayemuuliza habari zake. Rafiki yangu Ongmu anatumia udongo. Mimi nitatumia unga. Mweupe kama theluji yenyewe! Nina akili sana.

Jumanne, 3 Septemba
Mlima umesimama. Mama anauliza unga wa mkate umekwenda wapi. Nimemjibu umekwenda shule.

Jumatano, 4 Septemba
Mbuzi amekula upande wote wa magharibi! Ongmu alikuja kutazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Pole, shoga. Angalau kuna mmoja aliyeupenda." Nimeziba pengo kwa viazi vya kuponda. Kisha wazo! Nimechomeka kitufe chekundu cha koti la Babu kileleni kabisa. Ndiye Babu huyo. Mlima wa Ongmu hauna babu.

Alhamisi, 5 Septemba
Aibu! Nimeufunua mlima wangu mbele ya wote. Babu, aliyekuja kunishangilia, akavua kofia. Ongmu akapiga kelele kwamba nimempandisha babu yangu kichwani mwa mungu. Mwalimu akauliza kama kwetu hatufundishwi. Tunafundishwa! Kila mtoto wa kijiji chetu cha Yuksom anajua kwamba wapandaji huishia hatua chache chini, wakimwachia mungu wa mlima kilele chake. Hamu ya kushinda ilinisahaulisha.

Babu akakichomoa kitufe, akakishusha kidogo. "Mjukuu wangu, mimi nilisimama hapa. Pale juu sikufika, wala sikutaka." Mwalimu akamsihi aendelee. Akasimulia upepo, kamba zilizoganda, mwenzake aliyelia kwa furaha, na jinsi walivyotafuna jibini ngumu kama jiwe, kilele kikiwa karibu kiasi cha kukigusa kwa fimbo. Wote wakasogea karibu. Hata Ongmu.

Ijumaa, 6 Septemba
Ongmu ameshinda. Lakini Mwalimu amemwomba Babu akae mbele, awasimulie wageni! Kwa hiyo mpango wangu umefaulu, sawasawa na nilivyoupanga.

Babu anadai kitufe chake. Kimejaa viazi.

Mwakani nitajenga mlima mkubwa zaidi. Kileleni sitaweka mtu, hilo nimelielewa vizuri.

Nitaweka bendera. Ndogo tu.