Nirudishie Matairi Yangu Yenye Vipara

Kwa Ndugu Mauricio Constantino,
Muuza Matairi, Chuno, Mtwara.

Ndugu Mauricio,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa nimekasirika. Mimi ni Godfrey, yule kuli wa bandarini mwenye gari jekundu la mbio la milango miwili. Kiuno changu kimechoshwa na magunia ya korosho, na nikitaka kuingia garini hukikunja kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda.

Wiki iliyopita nilikuomba matairi ya bei nafuu. Ukanikataza ya mtumba, ukasema meno yake ni marefu lakini mpira umekauka kama makopa ya muhogo. Yale ya jina kubwa ukayafunika, ukasema, "Kaka, hayo ni ya mtu asiyeuliza bei." Ukanifungia haya mapya yasiyo na jina. Nalalamika kwamba ni mazuri mno. Nataka yale yangu yenye vipara, kwa sababu hizi:

1. Yale yalikuwa yakipiga kelele kwenye kona. Mama Isabel anayetuuzia wali getini alikuwa akiyasikia ananipakulia kabla sijafika. Sasa nafika kimya kama mwizi wa kuku. Jana kaniuliza mbele ya makuli wenzangu, "Shemeji, leo umekuja kwa miguu?" Wakacheka mpaka gunia likaanguka. Gari la mbio lisilosikika lina faida gani kwa mtu ambaye hana kingine cha kusikika?

2. Mvua ikinyesha nilikuwa nateleza, kwa hiyo hakuna aliyeomba lifti. Sasa gari linashika barabara, na wenzangu wamegundua kuwa nyuma kuna kiti. Juzi nimempeleka kuli mwenzangu Andrea kijijini Ziwani, yeye na mbuzi wake. Mbuzi alisinzia. Ndugu Mauricio, mbuzi anasinzia ndani ya gari la mbio!

3. Hili ndilo linaloniuma. Kwetu ni Kasulu, mwisho mwingine wa nchi. Kila mara mke wangu Witness alipouliza narudi lini, nilimjibu, "Matairi yamekwisha, mama, nitakufa njiani." Na ilikuwa kweli. Ila nilimwambia pia kwamba mimi ni msimamizi bandarini. Msimamizi akichelewa, watu husema ana kazi nyingi. Kuli akirudi na mgongo mbovu na gari lisiloingiza hata gunia la mahindi, watasema nini? Yale matairi yalinificha. Wewe umenitoa mafichoni.

Kwa hiyo naomba unirudishie. Kama umeyauza, chukua tupa uyakwangue haya mpaka yang'ae kama kichwa changu. Mkono ukichoka, niandikie cheti chenye muhuri kwamba saizi yangu haipatikani kusini yote, hadi mpakani Kilambo na ng'ambo ya mto Ruvuma.

Msalimie shemeji Neusa, fundi Cesar, na yeyote atakayekuwa amekaa kwenye benchi lako.

Ni mimi, mteja uliyemhudumia kupita kiasi,
Godfrey

N.B. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo nimemsomea Witness barua hii kwenye simu anirekebishie lugha. Nilipofika namba tatu ndipo nikakumbuka inamhusu nani. Nilikuwa nimeshaisoma yote. Yeye akasema, "Baba Baraka, msimamizi gani kila akipiga simu anahema? Njoo." Tupa iweke chini. Nitafutie tairi la akiba, hata la mtumba. Naondoka Jumamosi, kabla woga haujarudi.