Radi Asilia na Radi Halisi

Hariri alikuwa hajamaliza chai yake alipoiona riziki ikigombana barabarani.

Upande mmoja wa barabara palikuwa na karakana ya kuunda pikipiki za mizigo, zile za magurudumu matatu. Upande wa pili palikuwa na karakana nyingine ya kuunda hizohizo. Juu ya mlango wa kwanza paliandikwa RADI ASILIA. Juu ya wa pili, kwa herufi kubwa zaidi kidogo, RADI HALISI. Katikati ya barabara walisimama mafundi wawili, mmoja mrefu, mmoja mnene, mikono imejaa grisi.

"Jina nililipata mimi! Nilikuwa naoga, likanijia!" alifoka Mrefu.

"Ulikuwa unaoga maji niliyochota mimi!" akajibu Mnene.

"Ni mashemeji hao," muuza chai alimweleza Hariri huku akifuta meza. "Mnene kamuoa dada yake Mrefu. Walikuwa karakana moja, wakagombea jina, wakagawana vyuma. Tangu siku hiyo hawali sahani moja. Ukinunua kwa huyu, yule hakuitikii salamu."

Hariri akaagiza chai ya pili. Suti alikuwa nayo moja, lakini maneno yake yaliteleza kiasi kwamba angeweza kumuuzia kinyozi nywele. Ndiyo maana wakamwita Hariri.

Baada ya chai alivaa miwani isiyo na kazi yoyote usoni mwake, akaingia kwa Mrefu.

"Natoka Idara ya Majina ya Vyombo vya Usafiri," alisema. Idara hiyo haikuwepo duniani, lakini aliitaja kwa uchovu wa mtu aliyezeekea humo. "Jina moja haliwezi kubebwa na watu wawili. Mmoja atapewa. Mwingine atafuta ukuta wake."

Mrefu akameza mate. "Atafuta mbele za watu?"

"Kwa brashi yake mwenyewe."

Taswira hiyo ilimkolea Mrefu kama sukari. "Mnataka kitu gani, mkubwa?"

"Hongo mimi sili," Hariri akasema, akionekana kuumia kabisa. "Tunataka pikipiki moja mpya, tukaipime. Atakayewahi ndiye atakayesikilizwa kwanza. Ila usimwambie mtu. Hata mkeo."

Kwa Mnene maneno yalikuwa yaleyale, na swali likawa moja tu: "Shemeji ameshatoa yake?"

"Siruhusiwi kusema," Hariri akajibu, kisha akaitazama karakana ya ng'ambo kwa huruma nyingi. Mnene alikimbilia funguo mwenyewe, na tangi akalijaza.

Hivyo ndivyo Hariri alivyojikuta na pikipiki mbili mpya nyuma ya ghala la kukodi. Tatizo lilikuwa jina lililoandikwa ubavuni mwazo. Radi ilijulikana mji mzima; mnunuzi yeyote angekwenda kwa mafundi kuulizia vipuri, na siri ingemwagika. Ilibidi jina libadilike. Akaelekezwa kwa mwanamke mmoja mwandika mabango, aliyeitwa Mama Herufi, mwenye brashi iliyoandika nusu ya maduka ya mji. Ni mke wa nani na dada wa nani, hakuna aliyemwambia, naye mjanja wetu hakuuliza.

Zilipofikishwa uani kwake, Mama Herufi alizizunguka zile pikipiki polepole. Herufi R yenye mkia uliojikunja alikuwa ameichora mwenyewe. Na jioni iliyopita mumewe alimnong'oneza jikoni siri kubwa kuhusu Idara ya Majina. Kabla hajamaliza kuosha vyombo, kaka yake akapiga simu na siri hiyohiyo. Aliwajibu wote wawili "hongera." Sasa akamgeukia Hariri kwa uso wa biashara.

"Tukifuta Radi, tunaandika nini?"

"Chochote. Tufani. Kimbunga."

"Yote mambo ya hali ya hewa hayo, kaka. Watu wamechoka kunyeshewa. Wewe unaitwa nani?"

"Hariri."

Mwanamke akafumba macho. "Hariri... Inapita, mtoto aliyelala haamki. Kaka, jina unatembea nalo unalitafuta!"

Hapo likatokea jambo ambalo watu wa kazi ile huonyana sana: tapeli aliamini alichoambiwa. Maisha yake yote, jina lake lilipoandikwa mahali, mwandishi alikuwa askari. Sasa alilitazama likichorwa kwa rangi ya dhahabu, kifua kikamjaa.

"Ila jina kama hili halikai juu ya rangi ya ovyo," akasema Mama Herufi.

Hariri akanunua rangi bora. Na viti vya ngozi. Na taa, na honi yenye sauti ya heshima. Rangi ikikauka, yeye alizunguka kwa wauza saruji na wauza mbao akiwaalika waje Jumamosi uani hapo waione Hariri. Alisifia mpaka akashangaa, kwani hakuwa anadanganya.

Jumamosi alikuta ua wa Mama Herufi mtupu. Akafuata kelele hadi mtaa wa mafundi. Pikipiki zake ziling'aa katikati ya barabara, zimezungukwa na wanunuzi aliowaalika mwenyewe. Juu ya milango yote miwili paliandikwa HARIRI.

"Pikipiki zangu hizo!" akapaza sauti.

"Zako?" Mrefu akauliza kwa upole. "Ulizipata wapi, bwana wa Idara?"

Hariri akafungua mdomo. Kila jibu lililokuwamo lilielekea kituo cha polisi.

"Basi jina! Jina ni langu!"

Mashemeji wakatazamana. Mnene ndiye aliyeanza kucheka, Mrefu akafuata, wakacheka mpaka wakashikana mabega wasianguke.

"Huyu mume wangu, huyu kaka yangu," akasema Mama Herufi, brashi mkononi. "Radi nimeizika, ilikuwa inanivunjia nyumba. Hili la kwako hakuna kati yao aliyelipata akioga, kwa hiyo hawana la kugombania."

Hakuna aliyemshika Hariri. Njia ilikuwa wazi, na miguu yake ilijua kazi yake. Lakini muuza saruji akamvuta mkono. "Ulisema inapanda mlima na mzigo. Kweli?"

Hariri akayatazama yale maandishi ya dhahabu.

"Inapanda?" akasema. "Mzee wangu, mlima wenyewe unainama kuipisha!"

Kufikia alasiri zote mbili zilikuwa zimenunuliwa, na mafundi walikuwa wakikubaliana nani aanze kuunda ya tatu. Mama Herufi akamletea Hariri maji ya kunywa, maana sauti ilikuwa imemkauka.

"Na ile rangi niliyonunua?" Hariri akauliza chinichini.

"Nzuri mno, kaka, Mungu akubariki," akasema. "Imebaki kopo zima. Kesho napaka jikoni kwangu."