Baharia wa Nchi Kavu

Jumamosi, 13 Desemba

Tumepanda. Meli kubwa kupita hospitali kuu. Chumba chetu kidogo kupita choo cha hospitali hiyohiyo.

Mama mkwe amekuja kwa sababu moja tu: mimi. Maji anayaogopa tangu utotoni, hata beseni analitazama kwa mashaka. Lakini mkwe wake alikuwa baharia miaka miwili, msaidizi wa nahodha kabisa! Basi na twende.

Ukweli, ambao nauandika humu tu: nilipaka meli rangi. Karakanani, zikiwa zimeegemezwa juu ya magogo. Miezi kumi na minne. Sijawahi kuelea hata dakika moja. Uongo ule niliutoa siku ya kwanza kufika kwao mke wangu, maana kaka mtu alinitazama kama doa kwenye zulia. Sasa una miaka kumi na tisa, na umenenepa.

Kaka mtu naye yumo. Shemeji, mwalimu wa udereva. Amekuja na kitabu kinene cha mambo ya meli, na amekifungua kabla hajavua viatu. Sipendi.

Jumapili, 14 Desemba

Nimetapika mara sita. Mama mkwe amekula sahani tatu na kuomba mchuzi wa ziada.

Shemeji alikuja kunijulia hali. Eti anashangaa, baharia mzima! Nikamwambia wazoefu ndio huumwa zaidi, mwili unadai siku zote ambazo haukuwa baharini. Akaenda kuhakikisha kitabuni. Namwombea mafua.

Mke wangu alikaa kitandani na ndoo magotini. Akaniuliza, taratibu sana, kama meli zangu za zamani nazo ziliyumba hivi. Nikasema hizo ziliyumba zaidi. Akakamua kitambaa.

Jumatatu, 15 Desemba

Mpango! Heshima yangu lazima irudi. Mhudumu wa chumba chetu, mzee mwenye masharubu, nimemwomba anisubiri kwenye mlango wa ukumbi wa chakula, akakamae, apige saluti na kusema: Karibu, Mkuu. Usikosee, nimemwambia, ni mwenye koti la bluu lenye vifungo vya shaba. Nikamvulia saa yangu ya mkononi kabisa.

Jioni baridi ikazidi. Mama mkwe akamwona mwanawe anatetemeka. Akanivua koti, mimi, akamvisha yeye. Alisema baharia hasikii baridi.

Saluti ikapigwa. Shemeji akaipokea bila hata kushtuka, kama aliyezaliwa nayo. Mama mkwe akatokwa na machozi ya furaha. Hesabu ya siku: shemeji ana koti na ukuu, mzee ana saa, mimi nina makamasi.

Jumanne, 16 Desemba

Leo, ajabu, nimefurahi. Nyuma ya meli nilimkuta fundi rangi anakwangua kutu kwenye vyuma. Nikamwambia msasa wake ni laini mno, na kwamba aliyepaka mwanzo hakusubiri rangi ya chini ikauke. Akanitazama, akanipa brashi. Saa nzima! Mkono haujasahau. Nilisahau tumbo, nikamsahau hata shemeji.

Kugeuka, mke wangu amesimama na vikombe viwili vya chai, anatabasamu kama zamani. Akauliza tulikuwa tunaongea nini. Nikasema mwelekeo wa upepo.

Tabasamu likaondoka. Akanywa chai yake, akanywa na yangu. Sielewi nimekosea wapi.

Jumatano, 17 Desemba

Siku ya balaa. Abiria tulipelekwa kuona chumba cha usukani. Mama mkwe akanishika mkono na kunitangaza mbele ya nahodha. Nahodha akafurahi. Akauliza nilikuwa kwenye meli gani.

Kichwa kitupu! Nikataja kilichokuja mdomoni: Ngao Maradufu. Ni rangi ya mabati. Tunaiuza dukani kwetu. Shemeji ameipaka paa lake zima, na makopo nilimuuzia mwenyewe!

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikaona njia moja tu: nikasema meli hiyo ilizama, na wenzangu wote. Nahodha akavua kofia. Abiria wakainamisha vichwa. Ikabidi nilie kidogo.

Mke wangu akanivuta nje, kwenye korido.

“Nilijua kabla hatujaoana,” akasema. “Kucha zako zilikuwa na rangi. Nilimpenda huyo fundi rangi. Nimekuja huku nimsikie akisema mwenyewe. Sema tu, hata sasa hivi.”

Nilitaka. Kweli nilitaka. Halafu nikasikia shemeji bado anacheka kule ndani.

Nikamwambia hata mabaharia hupaka rangi.

Amehamia chumba cha mama yake.

Jumamosi, 20 Desemba

Nyumbani. Peke yangu. Bandarini mke wangu alipanda gari la shemeji, akasema atarudi siku nitakayokuwa na jambo la kumwambia. Mama mkwe peke yake ndiye aliyeniaga: alinipa pole ya wenzangu waliozama. Shemeji ameondoka na koti langu.

Nyumba imepoa. Jioni jirani, fundi cherehani, akagonga. Safari ilikuwaje? Nikamwambia nahodha aliugua, nikashika usukani siku mbili. Akanisifu sana, nikajisikia nafuu. Kisha akauliza mke wangu yuko wapi, mbona hamwoni.

Nikasema amebaki melini, wamemwomba asimamie jiko. Akauliza anarudi lini. Nikasema Jumapili.

Jumapili ni kesho. Nimeanza kutunga.